Kivuli cha Wiki ya Saba

"Wiki hamsini na mbili, picha hamsini na mbili, na mwaka ukiisha, mtu wa mtaa huu akitaka picha ya maana atapanga foleni mlangoni kwangu." Maneno hayo niliyasema mimi, tena kwenye kipaza sauti, katika sherehe ya binamu yangu kumaliza chuo. Chuo hichohicho mimi nilikiacha stashahada ikiwa nusu, kwa hiyo ilibidi niwe na jambo la kusema.

Kundi letu la simu lina watu kumi na mmoja. Kila Jumatatu kiongozi wetu, fundi vioo, hutuma neno moja, na kufikia Jumapili kila mtu awe ameleta picha yake. Wiki ya pili neno lilikuwa Mwendo. Nilimvizia jirani yangu kwenye baiskeli, nikapata gurudumu la nyuma na ukuta. Wiki ya nne, Rangi Moja, nilipiga ndoo nyekundu kwa saa mbili. Fundi vioo akaandika kwamba ndoo imetoka vizuri, ila inaonekana haijui imeitiwa nini.

Kamera ni ya shangazi. Ana duka la kupiga picha za pasipoti na kutoa vivuli, yaani zile nakala za mashine, na mfanyakazi wake ni mimi peke yangu. Tangu wiki ya kwanza nilimwomba aniachie japo mteja mmoja nifanyie mazoezi. Alikataa katakata, akasema wateja wake wana nyuso za kazi, si za majaribio.

Jumatatu ya wiki ya saba neno likaja: Kivuli. Asubuhi nzima nilishinda nikikodolea macho mwanga wa dirishani. Saa saba mchana akaingia mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, kitambulisho mkononi. Faili lake la pensheni lilikuwa linafungwa siku hiyo saa tisa. Lisipokamilika, angesubiri miezi sita. Fomu zote zilikwisha kufika kwa karani, limebaki jambo moja tu. Shangazi alikuwa anatoka kwenda kununua wino. Akasema akiwa mlangoni, "Mtolee mzee kivuli, ana haraka."

Nikajua shangazi hatimaye amelainika.

Nilimkalisha mzee kando ya dirisha. Aliponinyooshea kitambulisho nikamwambia akirudishe mfukoni, namwamini. Nikavuta pazia nusu, nikasimamisha kadibodi nyeusi upande wake wa kushoto, nikapunguza mwanga kwenye kamera kama fundi vioo alivyotuelekeza.

"Mwanangu, siku hizi kivuli kinatolewa hivi?"

"Mambo yamebadilika, baba. Geuza shingo kidogo."

Akageuza. Mtu aliyekwisha kujaza fomu kumi na nne habishi tena. Zikapita dakika arobaini. Nusu ya uso ikatoka na kila mkunjo wake, nusu ya pili giza tupu. Nikaichapa, nikaitia kwenye bahasha, naye akatoka mbio bila kuifungua.

Saa tisa kasoro robo akarudi anahema. Shangazi alikuwa kaunta. Mzee hakugomba. Aliiweka picha mezani, akaeleza kwamba karani ameitazama sana, akamwita mwenzake naye aitazame, kisha wakamuuliza nakala ya kitambulisho iko wapi.

Shangazi akaitazama picha, akanitazama mimi. "Hebu niambie, mpiga picha. Hapa kivuli tunakitoa kwa kutumia nini?"

Nikainyooshea mashine kidole, kama mtoto wa chekechea.

Kivuli cha kweli kilichukua sekunde nane. Nikakimbia nacho mwenyewe, maana miguu ya mzee ilikuwa imemalizwa na sanaa yangu. Nilimkuta karani na funguo mkononi. Nikamwita mheshimiwa, ikashindikana. Nikamwita kaka, ikashindikana. Mwisho nikamsimulia ukweli wote, akacheka mpaka akalazimika kukaa, na alipokwisha kukaa akaona bora agonge muhuri.

Dukani nilimkuta mzee bado amekaa palepale dirishani, picha mapajani. Nikamwambia faili limepokelewa. Akashusha pumzi ndefu, akaingiza mkono mfukoni, akauliza yote kwa pamoja ni bei gani.

Picha nilimwambia ni bure. Kivuli ni shilingi hamsini.