Maneno ya Wimbo wa Bata

Kajetan Prohaska, mtunzi wa muziki, alichukua maneno yangu, kisha akachapisha kwenye karatasi ya wimbo kwamba mtunzi wa maneno hajulikani. Hajulikani! Mimi niliyemfulia mashati miaka tisa hapa Vienna, na kila Alhamisi anakula madonge yangu ya unga yenye tunda la plamu ndani.

Maneno hayo niliyatunga nikipiga nguo mtoni, mwaka ule mume wangu Ignaz alipopanda mashua ya magogo akaondoka na bata wetu wa pekee. Yalikuwa ya kumcheka tu. Kajetan alikuja kuulizia soksi zake, akanisikia.

"Mama Walburga, hebu rudia hapo pa bata."

Nikarudia. Baada ya miezi miwili jirani yangu Kreszenz, anayejua kusoma, akanisomea karatasi ile. Bata amegeuka njiwa, na mimi nimekuwa binti wa miaka kumi na sita anayekufa kwa mapenzi.

Nikamfuata Kajetan hadi kwenye kinanda chake. "Nani kafa hapa, baba?"

"Bata hafai kwenye wimbo wa huzuni, mama. Lakini sikia kinanda kinavyoiga mto!"

Nikasikia. Sikufichi, mto ulikuwa wenyewe, hata mapigo ya nguo yalikuwemo. "Na jina langu?"

"Watu wanapenda wimbo usio na mwenyewe. Wanasema umetoka moyoni mwa taifa."

"Umetoka kwenye beseni langu!"

Akacheka, nami nikacheka, lakini mashati yake bado ninayo, na siyarudishi hadi alipe. Kajetan ana deni langu: aandike Walburga Zeindl juu ya karatasi ile, kwa herufi kubwa kuliko zake.