Ratiba ya Mabalungi

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita nilipomwandikia mtu ratiba ya kula iliyokaribia kumuua. Niliiandika kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa darasani, kwenye karatasi ya mistari niliyoichana katika daftari langu la chuo. Nilipomaliza nilijisikia nimetenda wema.

Nilikuwa Stockholm nikisomea ualimu wa sayansi kimu. Nyumbani Tanzania nilikuwa nimefundisha wasichana kupika na kushona kwa miaka miwili, kisha nikapata nafasi ya kwenda kujiendeleza, na katikati ya miaka ya sabini nikajikuta naishi Norsborg, ghorofa ya sita, mwaka uleule treni ya chini ya ardhi ilipofikishwa huko. Majengo yalikuwa mapya kiasi kwamba miti iliyopandwa mbele yake bado ilikuwa imefungwa kwenye vijiti isiangushwe na upepo. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja nililala mimi, cha pili alilala dada mmoja Mganda.

Nasema dada kwa sababu alinizidi miaka mitano, na ndivyo nilivyomwita siku zote. Yeye aliniita Mwalimu. Alikimbia Kampala baada ya mume wake kuchukuliwa ofisini mchana kweupe asirudi tena. Alivuka mpaka wa Kenya na mkoba mmoja na gauni alilolivaa, na kwa safari ndefu ambayo hakupenda kuisimulia akafika Sweden, akapata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja mjini. Mwanzoni hakukipenda Kiswahili. Kwao, aliniambia, kilikuwa lugha ya askari. Ukikisikia nyuma yako unaongeza mwendo. Lakini Kiswidi chake kilikuwa kidogo na Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma tu, basi tukakutana katika Kiswahili, yeye akikiongea anavyotaka, mimi nikijizuia kumsahihisha.

Lile gauni lilikuwa la kijani, la kitambaa kizito. Alilitundika kabatini peke yake, nguo nyingine akazikunja. Mwezi wa nane alilijaribu mbele ya kioo changu, zipu ikagoma katikati ya mgongo.

"Mwalimu," akasema, "hii nguo ndiyo ilitoka na mimi nyumbani. Sasa mimi na yeye tumekosana."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa amenenepa, kweli. Kule kwenye kufulia walipumzika mara mbili kwa siku kunywa kahawa na mikate mitamu ya iliki, naye alikula kama mtu asiyejua kesho atakula wapi. Kwetu hakuna ambaye angeona ubaya. Mtu akinenepa watu husema ametulia. Lakini kesho yake alirudi kazini na ukurasa uliokatwa kwenye gazeti la akina mama, amepewa na wenzake, akaniomba nimsomee. Niliusoma kwa dharau ya mwalimu. Nikamwambia haya hayatoshi, nitamwandikia ya kwangu.

Inanibidi niseme niliamini nini. Niliamini kwamba balungi hukata mafuta, kwa kuwa mama yangu alikuwa akikamulia limau kwenye supu nzito na sote tukasema imekuwa nyepesi. Niliamini kwamba chakula kinacholiwa baada ya saa kumi na mbili jioni hakina kazi ya kufanya, kwa hiyo kinalala mwilini na kugeuka mafuta. Niliamini kwamba maji mengi huyasukuma mafuta yatoke na mkojo, na kwamba jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Chuoni nilikuwa nimejifunza neno refu la Kiswidi lenye maana ya jinsi mwili unavyokitumia chakula, nami nililitamka vizuri. Nikamwambia dada kwamba kitu hicho kwake kimezubaa kwa sababu ya baridi ya nchi hii, kama jiko la kuni mbichi, na kazi yetu ni kulichochea. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye vitabu vyangu. Mengine nilitoka nayo nyumbani, mengine niliyaokota kwenye magazeti na kwa wanawake wa chuoni. Lakini kwa kuwa niliyasema na lile neno refu katikati, yalisikika kama elimu.

Asubuhi nusu balungi na yai. Mchana nusu iliyobaki na kabichi ya kuchemsha. Mkate marufuku, viazi marufuku, wali marufuku. Jioni maji tu, kadiri anavyoweza.

Wiki za kwanza hazikuleta kitu ila hasira. Alipungua kidogo, akakwama. Nikamwambia avumilie. Kisha mwezi wa kumi na moja ulipoingia, giza likianza kushuka kabla hata hatujatoka kazini na chuoni, alianza kupungua kwa kasi. Mashavu yalikwisha. Pete ya ndoa ikamvuka kidoleni alipokuwa akiosha vyombo, tukaitafuta kwenye sinki. Zipu ya gauni la kijani ikapanda bila kugusa ngozi. Nilimkumbatia mbele ya kioo, nikahisi mifupa ya mabega yake mikononi mwangu, nikafurahi.

Jumamosi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa tukikutana katika ukumbi mmoja Hallunda. Alipoingia na lile gauni wanawake walimzunguka.

"Ulifanyaje?" mke wa mwanafunzi mmoja kutoka kwetu alimuuliza.

"Ni Mwalimu," alijibu, akaninyooshea kidole. "Huyu anajua mwili wa mtu."

Nilinakili ile ratiba mara saba kwa mkono. Mama mmoja Mkongo akaomba atafsiriwe kwa Kifaransa. Kwa wiki kadhaa nilitembea kama daktari.

Wakati huohuo pale Norsborg mambo yalikuwa yakijionyesha, nami nilikuwa na jibu kwa kila jambo. Alikunywa maji kupita niliyomwagiza. Aliweka jagi kando ya kitanda, akalijaza, akalimaliza, akalijaza tena.

"Mwalimu, nakunywa mpaka naona aibu. Na bado mdomo uko kama pamba."

"Ndiyo mafuta yanatoka," nikamwambia. "Usiache."

Alikwenda chooni mara kwa mara hata kazini msimamizi akamsema. Nikamwambia hiyo nayo ni dalili njema. Kwetu, kijijini kwa bibi yangu, mkojo wa mtu wa namna hiyo ungeshikwa na sisimizi, na mtoto yeyote angekimbia kuwaambia wakubwa. Bibi mwenyewe alimjua jirani yake kuwa na ugonjwa kwa kuwaona sisimizi tu. Norsborg hapakuwa na sisimizi. Palikuwa na choo cheupe na kishikio cha kuvuta maji.

Siku moja alichelewa kurudi kwa saa nzima. Alikuwa amepanda treni isiyo yake, akajikuta Fruängen, kwa sababu hakuweza kusoma ubao wa kituoni. Maandishi, alisema, yalikuwa yakiogelea. Nikamwambia ni giza la Desemba, hata mimi macho yananisumbua. Halikuwa kweli, macho yangu yalikuwa mazima kabisa.

Chini ya jengo letu palikuwa na chumba kidogo cha joto, kile ambamo Waswidi hukaa uchi wakitoka jasho. Niliandikisha zamu yetu. Nilimfunga tumbo na mapaja kwa mifuko ya plastiki, juu yake nikamvisha sweta, nikakaa naye. Baada ya dakika chache aliteleza polepole kutoka kwenye benchi kama nguo inayodondoka kambani. Nilimvuta nje nikamlaza kwenye vigae vya baridi. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mwalimu," akasema, "nafikiri imetosha."

"Umefika karibu sana, dada," nikamjibu. "Ukiacha sasa, yote yatarudi."

Nimesema mengi ya kipumbavu maishani. Hilo ndilo ninalolisikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Siku chache baadaye chumba chake kilianza kunuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikadhani kuna balungi limeviringika mahali likaoza. Nilisogeza kitanda, nikatazama nyuma ya kabati, nikainua zulia. Sikuona kitu. Nilipoinama kumuuliza, nikagundua kuwa harufu ilitoka kinywani mwake. Nikafungua dirisha, theluji ikaingia kidogo, nikaendelea na shughuli zangu.

Jumamosi asubuhi nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa akihema kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa zote sita akikimbizwa, lakini alikuwa amelala chali. Alikuwa ametapika. Alishika tumbo. Nilimwita, akafungua macho na kunijibu kwa Kiganda, akiniita kwa jina la mtu nisiyemjua. Nikapiga simu.

Walikuja wanaume wawili na machela. Mmoja aliinama juu ya uso wake, akanusa, akageuka kunitazama.

"Ana sukari?" akauliza kwa Kiswidi.

"Hapana," nikamjibu upesi. "Hatumii sukari kabisa. Aliacha tangu mwezi wa nane."

Alimwambia mwenzake waharakishe. Kisha wakambeba.

Hospitalini nilikaa kwenye kiti cha korido mpaka mchana. Daktari aliyenijia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za mvi. Aliniuliza amekuwa akiumwa tangu lini. Nikamwambia hakuwa akiumwa, alikuwa akipunguza mwili. Akataka nimweleze. Nikamweleza yote, mabalungi na maji na chumba cha joto, na nilipofika kwenye lile neno refu la Kiswidi ulimi wangu ukakataa kulimaliza.

"Ratiba yako haikuuleta ugonjwa huu," alisema. "Ni kisukari. Kingekuja hata kama angekula vizuri. Lakini mtu mwingine akikonda hivi, akawa na kiu hivi, wenzake wangemleta hapa. Huyu mlimpongeza."

"Atapona?"

"Hicho hakiponi. Kwanza tuone kama ataamka."

Aliamka siku ya tatu. Mirija ilikuwa mikononi, na uso wake juu ya mto mweupe ulikuwa mdogo kama wa mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa matusi. Aliniangalia tu.

"Mwalimu. Ulijua?"

"Sikujua, dada."

"Lakini uliongea kama mtu anajua."

Muuguzi akaingia na sindano, nikasogea pembeni.

Wiki ile nilikwenda kuzitafuta zile nakala saba. Nilipata nne. Mbili, wenyewe walisema zimepotea. Mke wa yule mwanafunzi alinifungulia mlango, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Pole kwa mgonjwa. Lakini mimi imenifaa," akainyanyua blauzi yake kidogo kunionyesha kiuno. Nilimwomba tena. Akasema hata nikiichukua, ameshamnakilia nduguye wa mji mwingine. Ile ya Kifaransa sikujua hata nianzie wapi kuiulizia.

Dada alirudi nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Tulichemsha sindano yake ya kioo katika sufuria yangu ndogo ya maziwa, na chupa za dawa zikakaa kwenye mlango wa jokofu, karibu na siagi. Alijifunza kujichoma pajani bila kukunja uso. Alikula mkate kwa kipimo na viazi kwa kipimo, akirudia mafundisho ya muuguzi, si yangu. Hatukugombana. Alinipikia nilipougua mafua. Lakini tangu siku ile kila nilichosema juu ya chakula, hata kwamba nyama haijaiva, alikwenda kukihakikisha mwenyewe.

Mwaka wa sabini na tisa serikali iliyomfukuza ilianguka. Waganda wa Stockholm waliimba, wakalia, wakaanza kufunga mizigo. Kaka yake aliandika kutoka Kampala: njoo, vita vimekwisha, nyumba ya baba bado imesimama. Alinisomea barua hiyo mezani mara mbili. Kisha akafungua jokofu, akasimama mbele yake muda mrefu, baridi ikimpiga usoni.

"Kule umeme hakuna," akasema. "Hospitali wameiba mpaka vitanda. Hii dawa nitaipata kwa nani?"

"Huenda baadaye," nikasema.

"Huenda." Akafunga jokofu. "Mwalimu, mimi nilikimbia wale askari, nikajua siku moja wataondoka. Hii haiondoki."

Mimi nilirudi Tanzania mwaka huohuo, nikapewa shule ya wasichana. Aliniandikia kwa miaka mingi. Herufi zake zilizidi kuwa kubwa barua baada ya barua, mpaka maneno matano yakajaza ukurasa, na baadaye barua zikaanza kuja kwa mwandiko wa mtu mwingine, kwa Kiswidi safi, mtu aliyeeleza kwamba sasa yeye ndiye anayemsomea na kumwandikia. Katika moja ya barua hizo dada alinisalimu, akasema theluji imeanza mapema, akauliza kama bado nafundisha wasichana mambo ya chakula.

Nilikuwa bado nafundisha.