Gari Lililofukizwa Udi

Mume wangu Jaifar ni mpole, na ubaya wa mpole ni kwamba hagombani. Unamwambia, anaitikia, kisha anaendelea na lake. Ndivyo Camaro yake, gari la Kimarekani la mwaka 1969, ilivyokaa miaka sita kwenye banda letu la gari hapa Azaiba, Maskati, na gari langu mimi, lile linalokwenda, likachomwa na jua huko nje mpaka dashibodi ikapasuka.

Alilikuta shambani Barka, kuku wamehamia ndani. Siku lilipoletwa nyumbani juu ya rikavari, lile lori la kubebea magari mabovu, nilifungua mlango nikakuta yai kwenye kiti cha nyuma. Jaifar alilichukua kwa mikono miwili akanionyesha. "Linataga, Khulood!" akasema, akacheka peke yake. Mimi nilinuna siku mbili.

Wala si fundi. Miaka thelathini alichora ramani serikalini, mtu wa penseli na rula. Lakini utotoni, wazazi wake walipotoka Unguja kuja Maskati, walikuwa na jirani mwenye gari kama hilo, naye alimruhusu kuliosha tu, si kulipanda. Alipostaafu aliamua kwamba sasa atalipanda. Akajifunza kwa video na kwa kuharibu. Alikata kutu, akachomelea sakafu mpya, akapiga rangi ya buluu mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nzi alinasa na mara ya pili kulivuma vumbi. Bi Masouda, mama yake, ambaye anaishi nasi, alishona viti kwa cherehani yake. Mimi sikugusa hata bolti moja. Nilikuwa upande wa upinzani, na upinzani nao unataka msimamo.

Mwaka huu gari likawa zuri kweli, nakiri. Tatizo likabaki injini. Ilikuwa ikiwaka kwa kishindo cha kutikisa madirisha ya jirani, kisha ukiiacha silensa, yaani iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, inatetemeka, inakohoa, inazima. Kabureta aliifungua mara nne. Plagi akabadilisha zote. "Kuna hewa inaingia mahali," alikuwa akisema mezani, "ila sijui wapi." Miezi minane tukala wali na hewa hiyo.

Uvumilivu ukaniishia. Nikampigia simu Murshid wa Sohar, tajiri mwenye ukumbi mzima wa magari ya zamani, ambayo huyafunika mashuka na kuyatazama. Kisha nikamwambia mume wangu, nikimwita kwa jina la binti yetu.

"Babake Malak, mpaka Ijumaa hii. Baada ya swala Murshid anakuja. Kama gari halijatoka getini lenyewe, analichukua."

"Ushampa kauli?"

"Nishampa."

"Basi, kheri," akasema. "Kauli ni kauli."

Nilitegemea apigane kidogo. Hakupigana. Aliacha kula chakula cha jioni, akawa anakwenda bandani kulipangusa gari lililokwisha kupanguswa. Nyumba nzima ikapooza. Nilikuwa nimeshinda, na moyo wangu ulikuwa mzito utadhani mimi ndiye niliyeshindwa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa jikoni nikikanda unga wa chapati, nikamwona Bi Masouda kupitia dirishani akielekea bandani na chetezo chake, makaa mekundu na udi juu yake.

"Mama!" nikapiga ukelele. "Gari lina petroli hilo!"

"Kabureta ishatolewa, na tangi halina kitu, nnajua, nimemuuliza mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Hili gari limepigwa jicho, nnakwambia. Kila apitaye huliangalia, wala hakuna asemaye mashallah."

Akaweka chetezo ndani, sakafuni, juu ya kigae, akafunga mlango, akasimama pembeni akisoma anayoyasoma. Moshi ukajaa ndani ya gari mpaka usukani hauonekani. Nami nikaanza kucheka, maana kwenye kona ya dirisha la nyuma, pale pale Jaifar alipoapa kwamba mpira umebana hata chungu hapiti, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukitoka taratibu na kupanda juu.

Ghafla nikaacha kucheka. Nilifundisha fizikia sekondari ya wasichana miaka ishirini na miwili. Mara ngapi nimewaambia kwamba hewa haionekani, lakini itie moshi uone? Nikatoka mbio na mikono ina unga.

"Jaifar! Jaifar! Lete ubao, lete mpira wa maji, lete pampu ya lile godoro la upepo!"

"Kuna nini?"

"Kuna hewa yako! Njoo tuipe moshi!"

Alinitazama kama anayesubiri nimalize mzaha. Kisha akaelewa, nikaona uso wake unavyobadilika, na wallahi sijamwona mtu mzima akikimbia vile na ndara. Alipangusa mabaki ya petroli, akapeleka galoni zote nje ya ukuta, akaziba kwa ubao tundu ambalo kabureta hukalia. Tukatia chetezo ndani ya bati la biskuti, pampu upande mmoja, mpira upande wa pili, na mpira ukaingia kwenye ubao. Bi Masouda akashika kazi ya kutia udi. "Tia mwingi, Mama," nikamwambia, "usiuonee huruma." Akautia ule mzuri, ule wa sikukuu.

Kwanza moshi ukatoka kwenye bomba la nyuma. "Linanukia kama bibi harusi!" Bi Masouda akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya injini na tochi ya simu, shavu limegusa chuma, na moyo unanienda mbio kama ninasubiri matokeo ya mtihani.

"Pale!" nikasema. "Jaifar, pale! Kona ya nyuma, chini!"

Kwenye kona iliyoelekea ukutani, mahali ambapo jicho halifiki ila ujikunje, moshi ulikuwa ukipenya chini ya manifoldi, lile pande kubwa linalokaa juu ya injini na kuigawia hewa. Jaifar akapeleka mkono kwa kupapasa. Akagusa bolti. Akaizungusha kwa vidole viwili, na bolti ikazunguka. Ya pili yake nayo ikazunguka.

Akakaa chini sakafuni. "Maghrib," akasema. "Siku nilipoiweka hii, mwadhini aliadhini. Nilizishika hizi mbili kwa vidole tu, nikasema nitazikaza nikirudi. Niliporudi, wageni walikuwa wamekaa sebuleni."

"Na wageni wenyewe?"

"Jamaa zako."

Tulicheka mpaka Bi Masouda akadhani tumeingiwa na pepo. Siku ile chapati hazikupikwa. Tukang'oa manifoldi, tukapangusa gundi iliyokauka, tukalaza gasketi mpya ya kuzibia hewa, tukakaza bolti kutoka katikati kwenda pembeni, yeye akikaza, mimi nikisoma namba ya kila bolti kwa sauti ya darasani. Mikono yangu ilikuwa myeusi hadi viwiko. Ilipoadhiniwa Asri, nikamzuia mlangoni: "Hii moja, kaza kwanza!" Akaikaza, kisha akaenda kuswali.

Ijumaa, kabureta imesharudi mahali pake na tangi limetiwa petroli, aliporudi msikitini aliiwasha. Ilinguruma. Akatoa mguu kwenye mafuta. Injini ikashuka, ikashuka, ikatulia. Ikawa inaunguruma pole pole, nzito, sawasawa, na udi unatoka humo. Jaifar alifunika uso kwa mikono miwili.

Ndipo rikavari ya Murshid ikasimama getini, ikaziba njia yote. Murshid akashuka na kanzu nyeupe pe, akasikiliza, akatabasamu.

"Mashallah, ustadh Jaifar. Sasa nnalitaka zaidi. Lakini swala imeshaswaliwa, na gari bado li ndani. Kauli ndiyo ile?"

"Ndiyo ile," akasema mume wangu. Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akanyoosha mkono kumpa.

Nikaudaka ufunguo hewani. Sijui niseme nini juu ya dakika ile, ila kwamba nimeolewa miaka thelathini na moja, na nimefundisha mamia ya watoto wa watu, na kuna neno moja ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote. Lilinipanda kooni kama mwiba wa samaki.

"Sheikh Murshid," nikasema, "kauli ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyekuita. Nimekosea. Gari haliuzwi. Niwie radhi, kwanza unywe kahawa, kisha utuondolee rikavari yako hapo getini."

Murshid alimtazama Jaifar. Jaifar alikuwa akinitazama mimi, mdomo wazi. Murshid akacheka, akanywa vikombe vitatu, akaondoka.

"Endesha wewe," Jaifar akaniambia. Akazunguka, akakaa upande wa abiria.

Basi nikaliendesha, Bi Masouda nyuma, mpaka barabara ya Yiti inayopanda milimani. Tulipofika kwenye mlima wa kwanza, Jaifar akaniinamia sikioni.

"Khulood, hebu liseme tena lile neno."

"Neno gani?" nikapiga kelele. "Injini inanguruma, sisikii!" Nikakanyaga mafuta hadi chini, na nilikuwa na furaha mno.