Maiki ni ya Aliyekodi

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Hata mama mkwe wake alimwita Halohalo. Alikodisha viti, maturubai na vyombo vya sauti, na kila asubuhi kabla ya chai alizitoa spika zake uani, akazijaribu: "Halo! Halo! Moja, mbili, halo!" Mtaa mzima uliamkia sauti hiyo. Jirani mmoja aliwahi kumwomba angalau Jumapili awaonee huruma. Halohalo akamjibu kwamba spika haijui Jumapili, na kwamba asiyejaribu vyombo vyake asubuhi ataumbuka mbele ya bibi harusi.

Kazini alikuwa na sharti moja tu: chombo ni cha aliyekodi mpaka shughuli yake iishe. Wajomba waliolewa pombe harusini wakataka kunyakua maiki, wote aliwarudisha kwa mwenye shughuli, awe mjomba wa tumbo moja na mama wa bwana harusi au wa kudandia. Wengine walimtukana. Yeye alikuwa anacheka tu na kushikilia waya wake.

Basi siku moja akaja Mama Vitunguu, mwenyekiti wa wauza mboga sokoni. Kulikuwa na habari kwamba halmashauri inataka kumpa tajiri mmoja kiwanja cha soko, na wenye meza hawajaulizwa hata neno. Walikuwa wameamua kufanya mkutano wa hadhara palepale sokoni. Polisi walishaarifiwa, sheria yote ilishafuatwa. Kilichobaki ni sauti.

"Soko lile likichangamka, hata ukipiga yowe husikiki," alisema. "Bila spika zako tutasikilizana sisi wa mbele, wa nyuma wajiondokee."

Halohalo akaipokea kazi, wakapeana mikono.

Jioni yake simu ikaita. Alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, mkuu wa halmashauri. Uzinduzi wa choo, ufunguzi wa kisima, mapokezi ya wageni, shughuli zote hizo za halmashauri viti na spika vilitoka kwa Halohalo. Huko ndiko alikopata ada za watoto. Mheshimiwa hakufoka. Alimuuliza hata mkewe anaendeleaje. Kisha akasema kwa upole, "Nasikia spika zako zimeharibika. Zitakuwa mbovu mpaka mkutano wa sokoni upite, siyo?"

"Eee... ndiyo, Mheshimiwa."

"Pole sana. Zikipona tutaongea."

Hebu oneni mambo! Hakuna mkutano uliopigwa marufuku, hakuna askari aliyetumwa. Spika tu ndizo zilizougua. Halohalo alikwenda sokoni kichwa chini, akausema uongo wake, na Mama Vitunguu, maskini, akamwonea huruma. Akamfungia na nyanya awapelekee watoto. Halohalo alizibeba kama kaziiba.

Lakini mtu na mazoea yake, jamani! Kesho yake aliamka, akanawa uso, akatoka uani, na kabla akili haijakaa sawa mkono ulishawasha mashine. "Halo! Halo! Moja, mbili, halo!" Ikalia safi kabisa, ikavuka mapaa, ikafika barabarani ambako akina mama wa mboga walikuwa wanapita na matenga yao. Mkewe akatoka jikoni kaziba mdomo kwa kiganja.

"Wewe baba! Si ulisema zimekufa?"

Halohalo alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama Vitunguu hakupiga hata hodi. Alisimama getini, tenga kichwani, akamtazama juu mpaka chini.

"Zimepona?"

Angeweza kutunga uongo mwingine, ila ulimi ulikataa. Alimweleza yote: simu, Mheshimiwa, riziki yake iliyoshikiliwa. Akasubiri matusi. Mama yule akatua tenga, akakaa juu ya kiti kimoja cha plastiki.

"Ungeniambia jana, mdogo wangu," akasema. "Sikulazimishi. Wewe una watoto, na mimi ninao. Wakiniondolea ile meza sijui nitawalisha nini, kwa hiyo woga wako naujua. Tutapiga yowe hivyo hivyo." Akajitwisha tenga lake, akaenda zake.

Afadhali angemtukana! Halohalo alibaki amekaa juu ya spika, moyo unamuuma. Mwanamke yule naye ni mfanyabiashara kama yeye; ile meza ndiyo duka lake. Na yeye, ambaye hakuwahi kumpa mjomba yeyote maiki ya mtu, leo amempa Mheshimiwa maiki ya soko zima, tena kwa simu tu. Alijikasirikia mno.

"Mke wangu," akaita, "tukikosa kazi za halmashauri, tutakufa?"

"Tutakonda," mkewe akajibu. "Pakia vyombo."

Siku ya mkutano soko lilifurika, watu mpaka juu ya kuta. Muuza samaki aliongea, fundi viatu akaongea. Bibi mmoja wa mchicha aliongea mpaka akalia, na watu wakalia naye, na waliosimama nyuma kabisa kule kwenye mabucha walisikia hadi kamasi anavyozivuta. Ndipo gari la Mheshimiwa likaingia. Halohalo akajibanza nyuma ya spika. Kumbe umati ule ulikuwa umemtisha mkubwa pia, kaja kujitetea. Alipita moja kwa moja hadi penye vyombo, akanyoosha mkono.

"Lete maiki."

Halohalo alisikia sauti inamtoka, nyembamba, lakini inamtoka. "Imekodiwa, Mheshimiwa. Umwombe Mama Vitunguu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wengi. Mama Vitunguu akainuka. "Karibu, Mheshimiwa. Utaongea, tena utasikilizwa vizuri tu. Ila mbele yako yupo muuza mkaa. Mpeni kiti jamani."

Mheshimiwa akakaa, akasubiri. Zamu yake ilipofika aliongea, akaulizwa maswali, mengine akayajibu, mengine yakamtoa jasho. Mwishowe, mbele ya wote, akatamka kwamba kiwanja hakitaguswa kabla wenye meza hawajakaa na halmashauri wakakubaliana. Makofi yake sasa! Mama Vitunguu alimkumbatia Halohalo pamoja na waya zake zote.

Asubuhi simu ikaita. Lilikuwa jina la Mheshimiwa. Mkewe akaacha kukoroga uji.

"Pokea tu, yaishe," akasema.

Halohalo akapokea. Upande wa pili Mheshimiwa akakohoa.

"Wewe bwana. Jana nilisikika mpaka wapi?"

"Mpaka mabuchani, Mheshimiwa."

"Na yule bibi wa mchicha?"

"Naye mpaka mabuchani."

Mheshimiwa akaguna. "Wiki ijayo tunafungua zahanati. Njoo nazo hizo hizo." Akakata.

Halohalo akakaa chini sakafuni, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mkewe akimuuliza kasemaje, alikuwa anashindwa hata kumjibu.