Kipande cha Mninga Ndani ya Shokapu

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia imepita zamani, lakini nikiikumbuka mpaka leo viganja vyangu hufa ganzi. Juzi uliniuliza kwa nini mteja akilalamika kuwa shokapu ya mbele inampiga mikono, mimi huipanda kwanza baiskeli yake kabla ya kugusa spana. Kaa nikueleze. Sababu yake si nzuri, nayo ni yangu mwenyewe.

Nilikuwa kijana, fundi baiskeli hapahapa Ng'ambo, chini ya Mzee Maganga. Ndiyo miaka ile baiskeli za gia zilizotumika zilipoanza kushushwa kwa wingi kutoka kwenye treni ya Dar. Sisi tulizoea zile nzito za kubebea asali na tumbaku, ambazo mbele hazina hili wala lile. Hizi mpya zilikuwa na shokapu: bomba mbili, moja kila upande wa gurudumu, zenye springi ndani, ukipita shimoni zinabonyea na kurudi. Mafundi wengi waliziogopa. Mimi sikuziogopa, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Neno "sijui" lilikuwa halijawahi kunitoka kinywani.

Akaja nesi Nyamizi. Alikuwa wa zahanati moja upande wa Sikonge, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyezunguka vijijini kwa baiskeli kuwazalisha wanawake wasioweza kumfikia. Shokapu yake ilikuwa inadidimia na kubaki chini. Siku hiyo Mzee Maganga alikuwa Kipalapala, akitengeneza baiskeli za mafrateri wa seminari. Nikaifungua peke yangu, nikakuta springi imekatika. Nyingine sikuwa nayo. Ningemwambia, "Dada, niachie mpaka Mzee arudi," ningepungukiwa nini? Lakini yeye alikuwa na haraka, nami nilitaka kusifiwa. Nikachonga kipande cha mti wa mninga, nikakisokomeza mle ndani badala ya springi, nikafunga, nikafuta vumbi.

"Imepona?" akauliza.

"Imepona kabisa, dada."

Baada ya wiki mbili akarudi. "Fundi, hii kitu inanipiga. Hata kokoto naisikia mpaka begani." Sababu niliijua. Hata hivyo nikapunguza upepo wa tairi, nikapaka oili, nikamwambia ni makorongo ya barabara ya Sikonge, atazoea. Akarudi tena, nikakaza nati ya usukani, nikamwambia yaleyale. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, mwanangu, ila anayeumia njiani si lazima awe mwongo mwenyewe.

Mara ya tatu alikuja asubuhi, baiskeli anaikokota. Mzee Maganga alikuwepo. Nyamizi, ambaye huwa anaanza kucheka tangu mbali, siku ile hakucheka. Akanyoosha mikono yake. Vidole vilikuwa vinatetemeka.

"Shikamoo, Mzee. Jana nusura niue mtoto."

Alisema aliitwa kijijini akaendesha tangu alfajiri. Alipofika, mikono ilikuwa imekufa ganzi, akaisugua, akadhani imerudi. Mtoto akatoka, akampokea, vidole vikakataa kufumba. "Nilimwona anateleza," alisema, "na sikuhisi kitu." Bibi wa mtoto, aliyekuwa amekaa karibu, alijitupa mbele na kumdaka kwa khanga.

Spana iliniponyoka, sikuinama kuiokota.

Mzee hakunitazama. Alimuuliza nesi, "Inakupiga kwenye mashimo makubwa tu, au hata vijiwe?"

"Hata vijiwe."

Akaegemea usukani kwa uzito wake wote. Shokapu haikushuka hata upana wa ukucha. Hapo akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeitengeneza. Panda. Relini na kurudi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nikapanda. Kila jiwe lilinigonga mpaka kwenye meno. Kufika relini viwiko vinawaka moto, na niliporudi nilishindwa kufumbua vidole kutoka kwenye usukani. Hapo sijaenda hata robo saa. Nikashuka, nikasema mbele yao wote wawili, "Mzee, mle ndani hakuna springi. Niliweka mti."

Nyamizi hakunitukana. Heri angenitukana. "Mimi nikadhani mikono yangu ndiyo imeharibika," alisema taratibu. "Nimeshamwambia mganga wa zahanati naacha kuzalisha."

Mzee akafungua. Mninga ulikuwa umevimba kwa maji, umekwama. Akafuta tope chini ya bomba, kisha akaniita nisogee. Kulikuwa na ufa umezunguka nusu ya bomba. Hata mimi mwenye siri sikuujua. "Wiki moja zaidi," akasema, "tungemwokota na meno yake mkononi."

Unajua alifanya nini? Alifungua shokapu ya baiskeli yake mwenyewe. Akaiosha grisi ya zamani kwa mafuta ya taa, akapaka mpya kidogo tu, akaifunga kwenye baiskeli ya nesi, akahakikisha gurudumu likikazwa bomba hazibanani, akamkalisha Nyamizi juu mpaka ilipobonyea kidogo kwa uzito wake. Kipalapala akawa anaenda kwa miguu, masika nzima, mpaka nilipompatia nyingine.

Kesho yake alinituma nifuatane na nesi nikaseme ukweli kwa jamaa wa yule mtoto. Yule bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyuka, akaniwekea mtoto mikononi. "Mshike," alisema. "Uujue uzito wake." Nilimshika nikiogopa hata kupumua.

Basi, mwanangu, shika haya. Mtu akikuambia inauma, usibishane na maumivu yake. Muulize inauma wapi na lini, ipande mwenyewe, ndipo ufungue. Usilolijua sema hulijui, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine maradhi ni yako na kifo ni cha mwenzako. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla kazi yako haijafunguliwa.

Mungu aibariki mikono yako, awalinde wote watakaopanda ulichokikaza, na akujalie mwalimu atakayekubali kutembea kwa miguu kwa ajili ya kosa lako. Amina.