Muhuri Juu ya Meza ya Chakula

Mama Bustani alikuwa na wasiwasi tangu alipoamka. Jina hilo alipewa na majirani, maana kusema "msanifu wa mandhari" kuliwashinda bila kucheka. Kwao, mtu aliyesoma miaka yote ile ili aje kupanda maua alikuwa kichekesho. Hawakujua kwamba kazi yenyewe ni kuamua maji ya mvua yapite wapi, mti upi upandwe mbali na msingi wa nyumba, na udongo wa mteremko uzuiwe na nini usije ukawaangukia watu. Kwa kazi hiyo alikuwa na leseni na muhuri. Leo kamati ya nidhamu ya bodi inayotoa leseni hizo ilikuwa imemwita, na huenda angerudi nyumbani bila vyote viwili.

Kosa lake lilifanyika kwenye meza ya chakula. Mdogo wa mumewe alikuwa hodari wa kuchora na mvivu wa mitihani, kwa hiyo leseni hakuwahi kuipata. Kila alipopata kazi, alikuja na michoro kwapani na sauti tamu. "Shemeji yangu kipenzi, nigongee hapa tu, mara moja." Na Mama Bustani, mwiko mkono mmoja, alifuta meza na kugonga. Utamnyimaje shemeji? Ungekataa, mume angenuna, mama mkwe angepiga simu, na jikoni chakula kingeungua. Lakini katika kazi yao hata mwanafunzi anajua: aliyegonga muhuri ndiye aliyechora, na ndiye wa kuulizwa. Alilijua hilo, akajitia hamnazo.

Kisha ukuta mmoja wa michoro hiyo ukalala. Ulikuwa ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba za kupanga, ukaangukia magari yaliyoegeshwa. Hakuna aliyeumia. Mama Bustani alikwenda kuutazama, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kufika pale. Ukuta haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji, wala kokoto za kupitishia maji nyuma yake. Mvua ilikuwa imeujaza udongo maji mpaka ukawa mzito, ukausukuma ukuta chini. Alimbana shemeji amwambie kama kuna mwingine wa namna hiyo. Shemeji akala kiapo kwamba hakuna.

Sasa yeye na shemeji, aliyekuja kumsindikiza, walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Mvua ikaanza, kwanza kidogo, halafu ikamwagika kweli kweli juu ya mabati. Shemeji akainua macho darini.

"Mungu asaidie tu ule wa shule," akanong'ona, kisha akauma midomo.

Mama Bustani akamgeukia. "Shule gani?"

"Shemeji, tulia."

"Nimekuuliza shule gani!"

Ilikuwa shule ya watoto wadogo, mitaa miwili kutoka pale. Ukuta ulikuwa nyuma ya madarasa, na mchoro ni ule ule, aliunakili mstari kwa mstari, na Mama Bustani aliugonga muhuri bila kuutazama.

"Wao wanaulizia ukuta mmoja, wewe jibu huo mmoja," shemeji akambembeleza. "Watakusimamisha kidogo, yataisha. Ukiutaja huu mwingine, wanakufuta. Si nilipita pale juzi? Umesimama vizuri."

"Ulishuka kwenye gari?"

"Nilipunguza mwendo tu." Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alitandaza mchoro mezani. "Huu ni muhuri wako?"

"Ndiyo."

"Ulifika kwenye eneo?"

"Hapana, mheshimiwa. Mchoro sikuuchora mimi. Aliuchora shemeji yangu."

"Sikuulizi nani alishika penseli. Kuna kazi nyingine uliyoigonga hivi?"

Nyuma yake shemeji akakohoa. Mama Bustani aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Aliiona ofisi yake imefungwa na majirani wakimcheka, safari hii kwa haki. Lakini mvua ilikuwa haikatiki, na kila alipojaribu kusema hapana, ulimi uligoma.

"Ipo," akasema. "Ukuta wa shule hapo karibu. Hauna pa kutolea maji. Watoto wako darasani sasa hivi. Naomba niende."

"Unaelewa ulichokisema?"

"Naelewa."

"Basi muhuri na leseni uviache hapa." Mwenyekiti alikuwa tayari na simu sikioni akiwatafuta watu wa manispaa. Mama Bustani aliviweka mezani, akatoka mbio.

Alifika shuleni amelowa chapachapa. Kutoka getini aliuona: ukuta ulikuwa umetuna katikati, na ufa ulishuka hadi chini. Alimkuta mwalimu mkuu barazani, akamwambia awatoe watoto mara moja.

Mwalimu mkuu akamtazama kuanzia nywele hadi miguu. "Mama, mvua yote hii? Wewe ni nani? Umetumwa na manispaa?"

"Hapana."

"Una kitambulisho?"

"Sina. Leseni wameichukua sasa hivi." Jina la shemeji lilimjia mdomoni, akalimeza. "Ukuta ule ni wangu, mwalimu. Nimeuchora mimi, na nimeuchora vibaya. Utaanguka. Nakuomba."

Mwalimu mkuu aligeuka akautazama ule ukuta. Kisha akaikamata kengele, akaipiga kwa nguvu zake zote.

Watoto walimiminika wakishangilia, wakidhani ni mapumziko. Mama Bustani alikimbia akasimama kati yao na ukuta, akawasukuma mmoja mmoja kuelekea getini, na hakuondoka pale mpaka wa mwisho alipopita.