Mstari Shingoni mwa Ayeeyo

“Siku ya Kiyama ukiambiwa uipulizie roho picha uliyoichora, utafanya nini?” Hooyo, yaani mamangu, aliniuliza swali hilo akiwa ameinama juu ya dabqaad, chetezo chetu cha udongo, moshi wa uunsi ukipanda na kuingia kwenye nguo alizozitandaza ili zinukie. Nilikuwa darasa la saba, tukiishi mtaa wa Galbet, na mkononi nilikuwa na karatasi isiyo na kitu ila miraba myepesi ya penseli. Niliwaza kwamba hata mapafu yangu hayatoshi kupuliza jiko la makaa likiwa limezima, sembuse roho. Hooyo hakuwa mkali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua mtoto wake atajitetea vipi.

Muhula ule Mwalimu Njeru, aliyetoka Embu na kulalamikia joto kila asubuhi kana kwamba lilikuwa limeletwa jana, alitupa kazi tatu za kuchora vitu vilivyo na uhalisi. Ya kwanza ilikuwa birika. Nilijifunza kwamba ung'aavu wa bati si rangi bali ni pale penseli ilipokatazwa kupita. Nyumbani wote waliisifu birika yangu. Ya pili ilikuwa mkono; Hooyo aliutazama kwa muda, akaamua kwamba mkono peke yake haupumui. Ya tatu ilikuwa uso wa mtu wa nyumbani. Siku ya kwanza ya kazi hiyo nusu ya darasa walileta nyuso zisizo na macho, na wengine zisizo na pua, maana ndivyo tulivyofundishwa dugsi, chuo chetu cha Kurani: kiumbe kikose kitu ambacho bila hicho hakiwezi kuishi. Mwalimu Njeru alizipanga mezani, akakuna kichwa. “Sasa hawa wote walipata ajali moja?” Tulicheka, lakini hakuna aliyemweleza. Yeye alikuwa na msemo wake: chora unachokiona, si unachokijua. Mimi nilitaka kumuuliza, je, ninachokiona nikikijua tayari?

Nilimchagua Ayeeyo, mamake Hooyo, aliyeletwa kwetu kutoka Hadado kwa matibabu ya goti na ambaye angerudi mara mvua ikinyesha. Hakukuwa na picha yake hata moja nyumbani. Nilijua akiondoka sitakuwa na uso wake, na hilo lilinitia hofu kuliko Kiyama. Alikubali kukaa mlangoni kwenye mwanga, mguu mbaya ameunyoosha, akinidhihaki kila nilipofuta. “Naayaa, we msichana, pua hiyo umenipa ya ngamia. Punguza, nisije nikatiwa hatamu.” Nilijifunza makunyanzi yake moja moja, na jinsi kivuli kilivyoingia chini ya taya na kulala pale. Nilipomaliza, Hooyo alitazama mara moja tu, akageuka. Sikujua kama ni ruhusa au hasira.

Asubuhi iliyofuata niliikuta karatasi ina mstari mwembamba wa penseli, umekata shingo toka upande hadi upande. Kwetu mstari kama ule humaanisha kwamba picha imechinjwa, haidai uhai. Niliamini ni Hooyo aliyeuchora. Niliitia karatasi katikati ya daftari, nikaondoka. Shuleni mwanafunzi mwenzangu alichungulia akanong'ona kwamba nimemchinja nyanyangu na penseli ya serikali. Mwalimu Njeru alisikitika kwa dhati. Nilijaribu kumweleza kuhusu mstari, Kiswahili kikanikwama, na kabla sijapata maneno alikuwa ameshika raba. “Kazi nzuri namna hii haiwezi kukatwa shingo,” alisema, akapuliza vumbi, akaibandika ukutani, uso wa Ayeeyo mzima, ukitutazama.

Habari zilifika dugsi kabla yangu. Maalim alimwita Hooyo, akazungumza naye mlangoni kwa sauti ya chini. Wazee walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini hawakusema nyasi zifanye nini. Nikaagizwa nikailete picha. Nilipofika nayo, Ayeeyo alikuwa katikati ya sala ya adhuhuri, kwenye kiti kwa sababu ya goti. Hooyo aliipokea, akapitisha kidole shingoni palipokuwa peupe, akaiweka kwenye jiko. Ningeweza kupiga kelele, lakini mtu anayesali hakatizwi. Nilisimama kati ya jiko na msala nikingoja Ayeeyo atoe salamu, na alipotoa, karatasi ilikuwa majivu. Aliuliza picha yake iko wapi. Hooyo akamjibu kwamba mstari wa shingoni ulifutwa, akaonyesha jiko. Ayeeyo akaomba maji. Mvua ilinyesha wiki ile, Abti, mjomba wangu, akaja kumchukua, na hatukumwona tena akiwa hai.

Sasa nasomea sanaa chuo kikuu Nairobi. Watu huja kukaa mbele yetu wachorwe, nasi tunachora kila mfupa, hakuna anayeuliza lolote, na mimi nashangaa kwamba hilo nalo hunikera. Hooyo ana simu; hunitumia picha za watoto wa dada yangu, shingo zao nzima, na nikimkumbusha ile picha anasema simu ni kioo tu. Huenda ni kweli. Nimejaribu kumchora Ayeeyo kwa kumbukumbu na kila mara hutokea bibi fulani mwenye pua nzuri. Kuhusu mstari, kwa miaka yote nilidhani ni wa Hooyo, na Hooyo, nilipomuuliza, alidhani ni wangu. Ni Abti aliyetuambia mwaka jana, tukinywa chai: Ayeeyo aliuchora mwenyewe baada ya alfajiri, kwa penseli yangu, na akamwagiza Abti aje na kipande cha katoni ngumu, picha isikunjike safarini, kwa sababu alitaka kwenda kuitundika nyumbani kwake Hadado.